Swichi ya Baba

Gari la baba lilikuwa na swichi ya siri. Jirani yetu alikuwa ameibiwa lake akiwa kanisani, na baba, kwa hofu, akampelekea fundi wa mjini Kisii la kwake atie swichi hiyo. Fundi alimwonya asimwambie mtu swichi ilipo, hata mke, na baba akatii kabisa. Usipoigusa, starta inazunguka lakini injini haishiki. Mwizi angehangaika hadi achoke aende zake.

Sasa aliyehangaika ni mimi. Nilikuwa nimekuja nyumbani Birongo kwa likizo ya shule niliyofundisha, nikamkuta baba hoi kwa malaria. Kufika asubuhi alikuwa anaweweseka, anamwita mama yake aliyekufa zamani. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, hakuna gari la abiria lililofika sokoni. Mama na mimi tukamlaza kiti cha nyuma, nikashika usukani, nikawasha. Starta ikalia, injini ikanyamaza.

"Baba, swichi iko wapi?"

Akanijibu habari za ng'ombe aliyepotea.

Nikapapasa chini ya dashibodi, nikainua mazulia, nikavuta kila waya nilioufikia. Nikajaribu tena, nikasikia betri inaanza kuchoka. Nilimchukia yule fundi. Nilimchukia na baba kidogo, nikaona aibu, kwa sababu pumzi zake nyuma yangu zilikuwa fupi na za haraka, na niliogopa atatufia uani, ndani ya gari lake mwenyewe.

"Shuka," mama akasema. "Nikae hapo."

Mama hakuwahi kukalia kiti cha dereva maishani mwake. Akaingia, akakunja lesu magotini, akatulia. Kisha akainamisha kichwa, akaweka mkono wa kulia kwenye paji la uso kama baba alivyofanya kila siku kabla ya kuwasha gari. Sisi sote tuliijua sala hiyo. Kila mara tulikuwa tukiinama pamoja na baba, tukifumba macho na kusema amina.

Nikadhani mama anaomba, nami nikataka kumwambia saa ya kuomba imepita. Lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa unashuka polepole kando ya kiti, ukaingia nyuma ya chuma cha kusogezea kiti, ukasimama.

Nikasikia kitu kikilia tak.

"Washa," akasema, akishuka.

Injini ilishika mara moja. Sijui kama nimewahi kustaajabu namna ile, mbele ya mwanamke niliyekula kwake tangu kuzaliwa na kudhani namjua. Tuliteleza kwenye matope hadi Kiogoro, mama nyuma amempakata baba kichwa, na hospitalini wakampokea mbio wakamtundikia dripu.

Alipopata fahamu aliuliza tulifikaje. Nikamweleza yote. Baba, mzee wa kanisa aliyeombesha familia yake miaka yote hiyo, akamgeukia mama.

"Kwa hiyo wewe wakati wa sala hufumbi macho."

Mama alikuwa anamenya ndizi. Akaikata kipande, akamtia mdomoni.

"Nafumba," akasema. "Nikishakuona uko sawa."