Wajukuu Watatu Niliowaosha

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, anayeumba matumboni kama apendavyo, na asiyekosea hata pale sisi tunapokosea.

Hapa Malukhu, Mbale, mimi ndiye ninayeosha maiti za wanawake wa Kiislamu. Mimba ikitoka baada ya miezi minne, mtoto huoshwa, akapewa jina, akavikwa sanda, akazikwa. Mke wa mwanangu, binti wa Jinja, alipoteza mimba tatu za namna hiyo. Wote watatu niliwaosha mimi, katika beseni dogo. Sikumwonyesha hata mmoja, niliona namhurumia.

Walikuwa wamekamilika, mpaka kucha. Hilo ndilo lililonipoteza. Nikajiambia, kama watoto hawana kasoro, basi kasoro ni ya mama. Nikamwambia mwanangu, "Tumbo la huyu halishiki. Mwache." Akanitii, akaandika talaka.

Binti akarudi kwao. Daktari wa huko akampiga picha, akakuta ukuta wa nyama katikati ya kizazi. Alizaliwa nao. Mimba ilikuwa ikijishikiza hapo penye damu haba. Wakapitisha kifaa chembamba katika njia ya uzazi, wakaukata ukuta bila kupasua tumbo. Jioni alikuwa nyumbani.

Habari iliponifikia, mwanangu alikuwa ameshaoa mwingine. Nikaenda Jinja kuomba msamaha. Mama wa binti alinikuta mlangoni.

"Mwosha maiti! Leo umekuja kumwosha nani? Hapa hatujafiwa."

"Nimekuja kuomba radhi, dada."

"Radhi! Ungeileta wakati bado ana ndoa."

Binti akatoka jikoni, mikono ina unga. Akanikalisha mkekani. Nilianza maneno niliyoyapanga tangu Mbale, akanikatiza.

"Mama, wewe peke yako ndiye uliyewaona. Walifanana na nani?"

Nililia kwanza. Kisha nikamweleza mmoja mmoja. Wa kwanza alichukua paji la uso la mama yake. Wa pili, vidole virefu vya baba yake. Wa tatu, wa kike, kidevu kilikuwa cha mama yake kabisa. Alisikiliza huku akikigusa kidevu, unga ukabaki hapo. Neno la msamaha hakulitamka, nami sikulidai.

Bado hajaolewa tena. Namwombea kila swala, na namshukuru Mungu aliyenibakizia uhai wa kwenda kujibu swali lile.

Nawe unayesoma, Mungu akupe subira ya kuuliza kabla ya kuhukumu, na nyumba yako aijaze sauti za watoto. Amina.