Mguu Unaoitafuta Ardhi

Saa moja asubuhi, kabla upepo wa Same haujaamka na kuanza kuvua watu kofia, Eliakunda Mbwambo anamwamuru mwalimu wa shule ya msingi apande juu ya meza.

"Ruka, Mwalimu."

Irine, mwenye umri wa miaka 29, anaruka. Mguu wa kulia unatangulia, kisigino kinachimba vumbi.

"Hapo umeshuka kuteka maji. Rudia."

Meza hiyo, iliyowekwa kando ya uwanja mdogo wa ndege, ndiyo kizuizi pekee kilichobaki kati ya Irine na anga. Ametoka kijiji cha Chome, juu milimani, kuja kuruka kwa parachuti kwa mara ya kwanza maishani. Ndege ya warukaji huja Same mara mbili tu kwa mwaka, Juni na Desemba, na leo ndiyo siku ya mwisho ya ziara ya Juni.

Eliakunda, mama wa miaka 53, ni fundi cherehani sokoni. Anashona sare za shule na ameruka kutoka angani mara 412. Miaka kumi na miwili iliyopita, klabu ya warukaji ilimletea mikoba ya parachuti iliyochanika aishone. Alipoirudisha, akataka kuona inabebaje watu. Baada ya wiki tatu za mafunzo alikuwa mlangoni mwa ndege, akisali Baba Yetu kwa kasi ambayo mchungaji wake wa Vudee, kijijini kwao milimani, asingeiafiki.

"Kule juu hakuna anayekuuliza gauni lake litakuwa tayari lini," anasema. "Unaona kilele cha Shengena huku, bwawa la Nyumba ya Mungu kule. Ukishaona hivyo hunyamazi. Utamshawishi hata askofu."

Ameshawishi watu thelathini na mmoja, na kuwafundisha kutua. Askofu bado.

Kosa la watu wa milimani analijua mwilini mwake. "Sisi tuliokulia miteremkoni tunaitafuta ardhi kwa mguu mmoja. Kwenye njia ya Vudee huo ni werevu. Kwenye parachuti, unavunjika." Mguu wake ulivunjika siku ya kwanza. Kwa miezi minne aliendesha cherehani kwa mguu mmoja.

Saa tatu, rubani Kassimu anaita. "Shikamoo mama! Injini iko tayari, upepo hautusubiri!"

"Marahaba. Dakika moja."

Irine anaruka tena. Mguu unatangulia.

"Leo hupandi, Mwalimu."

"Mama, nimeaga darasa zima! Watoto wameniimbia!"

"Wimbo hauozi."

"Unaniaibisha."

"Ndiyo. Aibu haifungwi plasta."

Irine anampa mgongo. Eliakunda anaitazama ndege. Kisha anaanza kufungua mikanda ya parachuti lake mwenyewe.

"Mama, na wewe?" Kassimu anashangaa.

"Nenda, mwanangu. Nina mwanafunzi."

Ndege inapaa ikiwa na viti viwili vitupu. Irine anaifuata kwa macho mpaka inakuwa nukta. Eliakunda haitazami.

Mwalimu anafuta uso kwa kiganja, anapanda mezani bila kuambiwa. Anaruka. Mara ya tisa, miguu yote miwili inagusa vumbi kwa pamoja, magoti yamekunjwa.

"Bahati," anasema Eliakunda, lakini anatabasamu.

Tayari ameomba nafasi mbili za Desemba.

"Atatangulia yeye, mimi nitabaki mlangoni," anasema. "Nitaitazama miguu yake ikiiacha ndege. Ikishikamana, nami nitaruka nimfuate."