Gari la Kijani Halijarudi

Ukimwona baba mdogo Kisyeri anavyotembea, bega la kulia limeshuka, utadhani bado amebeba ile mashine. Ni simu ya upepo, sanduku la chuma lenye vifundo na mlio kama wa nyuki ndani yake, na betri yake peke yake ni mzigo wa punda. Aliijulia jeshini, Burma, wakati wa vita. Aliporudi Tarime akakuta hakuna anayehitaji mtu wa simu ya upepo, akalima mtama miaka kumi na moja.

Mimi humuuliza mambo mengi mno. Nilimuuliza sauti inapitaje kwenye mvua bila kulowa. Akasema hata yeye hajui, yeye huzungusha kifundo tu na kungoja. Mengi ya haya nimeyapata kwa mama mdogo Efrazia, mkewe, na kwa Werema, jirani yetu mchunga ng'ombe, ambaye siku ile walikuwa pamoja.

Ilikuwa masika ya mwaka 1957. Mashindano ya magari yalipangwa kupita kwetu: asubuhi magari yapande polepole kutoka Tarime mpaka Sirari, mchana yarudi kwa njia ile ile, mbio tupu, na barabara ifungwe kwa watu, malori na ng'ombe. Mzungu meneja wa mgodi mmoja wa dhahabu ndiye aliyeazimisha simu za upepo, na yeye mwenyewe alikaa na yake Musoma akisikiliza kila neno. Alimwambia baba mdogo kwamba mgodi unatafuta mtu wa simu wa kudumu, pamoja na nyumba ya bati ya kukaa.

"Kazi ni yako," alisema, "nisiposikia kosa hata moja."

Mama mdogo alikuwa amekwisha chagua kitanda kitakaa upande gani wa hiyo nyumba ambayo hajaiona.

Kazi yenyewe ukiisikia ni ndogo. Kule Sirari alikaa Method, naye askari wa zamani, na simu yake. Gari likiingia barabarani, Method anataja namba. Likifika kwa baba mdogo, kwenye kamba iliyofungwa karibu na Tarime, yeye anasema limetoka. Yakiisha yote anatamka, "Barabara wazi." Hapo kamba inafunguliwa, na gari la kutafuta waliokwama, lililokuwa likingoja Sirari, linaachiwa liende zake Kenya. Akisema "bado", gari hilo linaingia njiani kutafuta.

Lakini alikuwa na siku mbili bila usingizi, akiikinga betri isilowe. Magari yalipoanza kurudi mvua ilikuwa inapiga, na mengine yalitoka yamepakwa tope mpaka namba haionekani. Namba iliyosomeka aliiandika. Isiyosomeka aliweka kistari. Visikizio vilimbana masikio, kope zikawa nzito. Werema, aliyeajiriwa kushika kamba, anasema mara mbili alimkuta amesinzia, kalamu mkononi, huku mdomo unaendelea kutaja namba.

Method alikuwa ameingiza magari ishirini na tatu. Baba mdogo akahesabu karatasi yake: namba ishirini, vistari vitatu. Akabonyeza, akatamka barabara wazi, Musoma wakajibu, "Vizuri sana." Akavua visikizio, akalala chali kwenye majani mabichi.

Werema akaja kusimama juu yake na fimbo yake. Kamba alikuwa hajaifungua.

"Mura, ndugu yangu, lile la kijani halijarudi."

Baba mdogo alimwambia hesabu imetimia, akafungue. Nyuma ya kamba madereva wa malori walikuwa wanapiga honi, na wanawake waliotoka sokoni walimuuliza Werema kama barabara hii ameitolea mahari.

Sasa, Werema hahesabu. Kwetu ng'ombe hawahesabiwi kwa kidole, ni kuliitia zizi msiba. Jioni mwenye boma husimama mlangoni, wakiingia anawatazama mmoja mmoja, na anajua nani hayupo. Ndivyo Werema alivyoyatazama magari asubuhi yakipanda. Kila moja alilitambua kwa rangi na kasoro yake: lile jeusi lenye kovu, lile la mgongo uliobonyea, lile la kijani lenye jicho moja, maana taa yake moja ilikuwa imevunjika. Humo walikuwamo ndugu wawili wa Kihindi, na mmoja alimpungia mkono.

"Nina vistari vitatu," baba mdogo akasema bila kuinuka. "La kijani ni kimojawapo."

"Tope linaficha namba, jicho haliwezi. Hivyo vitatu vyako navijua. Kimoja ni lile jeupe. Lilipita, likaangusha gurudumu la akiba, likarudi nyuma kuliokota, likapita tena. Wewe umeliandika mara mbili, mura. Ulikuwa unaota."

Baba mdogo akaketi. Lile jeupe lilikuwapo kwenye karatasi, namba saba. Namba kumi na nne, ya wale ndugu, haikuwapo popote. Akamwita Method amwambie kama la kijani liliingia. Method akasema liliingia, saa nane na nusu. Halafu akageuza maneno kuwa Kikurya ili Musoma wasielewe: aache malori yapite, si yatawakuta njiani? Kwa nini ajikate mguu mwenyewe?

Baba mdogo akajifuta maji shingoni. Kisha akabonyeza.

"Musoma, hapa Tarime. Nilikosea. Barabara bado. Namba kumi na nne iko ndani. Gari la kutafuta liingie."

Mzungu akauliza kama amelewa. Baba mdogo akasema hapana, amechoka, akarudia maneno yale yale toka mwanzo.

Gari la kutafuta, lililokuwa halijaondoka Sirari, liliwakuta wale ndugu saa kumi na moja, chini ya daraja la miti, gari limelala chali kwenye kijito, mahali ambapo ukiwa barabarani huoni kitu. Mmoja alikuwa amevunjika mkono na kubanwa miguu. Mwenzake alikuwa anakishika kichwa cha nduguye juu ya maji tangu walipoanguka, na maji yalikuwa yanapanda. Malori yangepita juu yao bila kuwaona.

Baba mdogo alirudi nyumbani na mashine mgongoni, akala ugali wa baridi.

Barua ya mgodi ilikuja baada ya wiki tatu. Mama mdogo ndiye msomaji, alisoma misheni. Ilisema kwamba mtu anayetuma habari mbili zinazopingana kwa muda mfupi hawezi kukabidhiwa simu, na kwamba nafasi amepewa Method.

Baba mdogo alisikiliza mpaka mwisho.

"Wamesema lolote juu ya yule aliyevunjika mkono?"

"Hawakusema."

"Soma tena."

Akasoma tena, toka juu mpaka sahihi. Hamna. Baba mdogo akatikisa kichwa kidogo, akaingia ndani kulala, na jua lilikuwa bado juu. Watu waliokuja kumtafuta siku hiyo, mama mdogo aliwaambia wamwache alale.