Ukuta Usiofika Mabatini

Katika ubongo wa panya mna tezi ndogo kuliko punje ya wimbi, iitwayo pineali, ambayo kazi yake ni kupambanua usiku na mchana. Fanuel alikuwa ameota mvi akitafuta jambo moja tu: giza likidumu, kalsiamu hukaa wapi ndani ya seli za tezi hiyo? Chuo kilikuwa kimempa muhula wa mwisho wa kumaliza utafiti wake. Maji ya ziwa yalipokivamia chumba cha wanyama huko Homa Bay, aliwahamishia panya wake kisiwani Rusinga, katika stoo ya nyumba ya baba yake, akaziba dirisha kwa blanketi, kwani mwanga kidogo tu ungeharibu jaribio.

Kisha baba yake, Mzee Joash, akafariki.

Jeneza lilifika jioni, likawekwa sebuleni. Mjane, Mama Phelesia, akawasha taa upande wa kichwa, kwani kwao maiti halazwi gizani. Fanuel akainua macho: ukuta kati ya sebule na stoo haukufika mabatini, na mwanga ulikuwa ukimwagikia upande wa pili. Kuwatoa panya nje ni kuwaonyesha machweo. Kuwafunika gubigubi ni kuwanyima hewa.

"Mama," akanong'ona, "hatuwezi kumpeleka baba chumba kingine?"

Dada yake Damaris akadakia. "Wee Fanuel! Yaani marehemu awapishe panya? Kwani nao wamekuja matangani?"

Wanawake waliokaa mkekani wakaficha vicheko ndani ya leso.

Mama Phelesia hakucheka. "Nyathina," akamwita, yaani mwanangu kwa Kijaluo, kama alivyomwita tangu utotoni, "hao panya ndio masomo yako?"

"Ndio, Mama. Sina mengine."

"Basi taa ndiyo hiyo. Izime wewe. Mkono wangu hauwezi."

Fanuel akaishika. Akakumbuka jinsi baba yake, tangu mtumbwi ulipompindukia gizani, alivyokuwa hapati usingizi pasipo taa. Akapandisha utambi.

Baadaye, picha za darubini ya elektroni zilionyesha kalsiamu kama vumbi jeusi lililotapakaa ndani ya seli. Zilikuwa picha safi, lakini hazikujibu swali lake, kwani panya walikwisha kuona mwanga. Angeandika "kundi la giza," nani angejua? Hakuandika. Muhula ukaisha, na chuo kikamfungia mlango.

Siku hizi anafundisha sekondari moja karibu na Kegonga. Mara kwa mara hujiuliza kama alipandisha utambi kwa mapenzi, au kwa kuyaogopa macho ya wale wanawake. Ila ukuta ule wa Rusinga, kila aendapo nyumbani, huutazama, na hajauongeza hata tofali moja.