Kufuli Langu Kwenye Lango la Kamati

Miaka ya sabini, nilipoolewa kutoka Iringa nikaja kulima mpunga karibu na Chimala, mfereji mkubwa wa kijiji ulikuwa na matawi, na kila tawi lilikuwa na lango lake la mbao. Funguo walikuwa nazo wanakamati tu. Sisi wenye majaruba, vile vishamba vya mpunga vyenye kingo za udongo, kazi yetu ilikuwa kuinama.

Wenyeji waliniambia kwamba zamani mtu akipandikiza alifunga kishungi cha majani juu ya lango, na hakuna aliyeligusa mpaka miche ishike. Kamati ikasema huo ni ushamba. Basi msimu wangu wa kwanza nikapandikiza, nikaenda nyumbani kunyonyesha, huku nyuma mwanakamati mmoja akafungulia lango la tawi letu, maji yapite juu ya majaruba yangu yaende kwa shemeji yake kule bondeni, nje ya tawi. Niliporudi miche yangu ilikuwa inaelea. Nililia, na ilikuwa hasira tupu.

Msimu uliofuata kitalu changu kilikuwa kidogo. Miche ile ingekwenda na maji, mwaka mzima tungekula kwa kuombaomba. Nikanunua kufuli dukani, nikafunga tawi, kisha nikatundika na kishungi cha majani ili wasijifanye hawajui.

Mwenyekiti wa kamati akaja amefura.

"We mama, nani kakuweka kwenye kamati?"

"Hakuna. Ila miche ni yangu."

"Kufunga lango ni kazi ya kamati. Fungua!"

"Ikishika nitafungua mwenyewe, mwenyekiti. Tawi hili tuko mimi na jirani yangu tu, naye kakubali. Kama una haraka, kalete shoka."

Nikakaa juu ya lango, mtoto mgongoni. Jirani yangu, mama wa Kisukuma ambaye familia yake ilihamia huku na ng'ombe wao, akaja akakaa kando yangu bila kuulizwa. Shoka halikuja. Miche ikashika.

Kabla msimu haujaisha, kila aliyepandikiza alikuwa anafunga tawi lake. Kamati ilinuna, ikazoea.

Siku moja mwenyekiti akabisha hodi kwangu. Kesho yake alikuwa anapandikiza.

"Mama, niazime lile kufuli lako."

"Si mnalo la kamati?"

Akatazama chini. "La kamati kila mwanakamati ana ufunguo wake."

Nilicheka mpaka mtoto akaamka. Kufuli nikampa. Ufunguo nikabaki nao.