Viatu Sabini na Viwili

Phineas Shikanga amewaongoza wageni katika msitu wa Kakamega kwa miaka ishirini na sita. Ndege akilia nyuma ya majani, yeye humtaja kabla mgeni hajainua darubini. Lakini mwaka huu kuwajua ndege hakutoshi. Msimamizi mpya, Lynette, ametangaza kwamba atakayewapeleka wageni wa Ulaya ni yule awezaye kuwahesabu kwa lugha yao, wakiingia na wakitoka. Asiyeweza atakaa langoni akate tiketi.

Basi tangu Januari Phineas anasoma namba. Kijerumani kilimchosha, maana kwa ishirini na moja hutaja moja kabla ya ishirini, kama mtu aingiaye nyumbani kinyumenyume. Kifaransa kikamkasirisha zaidi. Huenda vizuri hadi sitini na tisa, kisha, badala ya sabini, husema sitini-na-kumi. Mkewe, Jescah, alimsikia akigombana na daftari nyumbani kwao Shinyalu, akamwuliza Wafaransa walikosa nini hata wasiwe na sabini yao wenyewe. Phineas hakucheka.

Waongozaji wenzake vijana hawakujali sabini, kwa sababu hakuna kundi linalozidi watu arobaini. Lakini Phineas hahesabu watu. Kwao, mtu hanyoshewi kidole akahesabiwa kama kuku. Mama yake alimfunza kwamba wanaohesabiwa hupungua. Yeye huinamisha macho akahesabu viatu, na hajawahi kumwacha mgeni msituni.

Siku ya jaribio la Lynette walikuja wanafunzi thelathini na sita kutoka Ufaransa. Alianza vizuri, kiatu baada ya kiatu. Alipofika swasant-nef, sitini na tisa, akakwama. Vilibaki viatu vitatu. Neno la sabini lilimpotea kabisa, na mtu mmoja nyuma akacheka.

"Mzee, hesabu vichwa," Lynette akamwambia kwa upole. "Thelathini na sita tu. Hiyo unaijua."

Aliijua. Angeweza kuisema usingizini. Akainua kidole kuelekea kwa msichana wa kwanza, aliyemtabasamia, kisha akakishusha.

"Hawa ni watoto wa wenyewe, madam."

"Na mimi nina fomu ya kujaza, Mzee."

Kundi akapewa Sammy, kijana wa Malava ambaye hajui hata ndege ishirini. Sammy akanyosha kidole akihesabu, en, de, trwa, kichwa kwa kichwa. Phineas akaenda langoni, akaugeukia msitu, akafungulia redio ya simu kwa sauti ya juu ili asiusikie mwisho wa hesabu ile.