Udongo wa Mke Mwenza

Twaiba na mke mwenziwe, Mishi, walilima mashamba jirani karibu na mgodi uliofungwa, upande wa Msambweni. Yote mawili yalitiwa chokaa na mboji kupunguza sumu ya madini ya risasi, lakini kila vipimo vilipotoka, la Mishi ndilo lililosifiwa. Wivu ukamla Twaiba. Mara hii alichota udongo wa mwenziwe kwa siri, akaujaza katika mfuko wake wa vipimo.

"Hongera, mama. Shamba lako ni salama, hatutalipima tena," mpimaji alimwambia. "Panda mchicha, uwalishe wanao."

Twaiba akawaona wanawe wakila mchicha wenye sumu.

"Nisamehe, kaka. Ule haukuwa udongo wangu."

Mpimaji akachota upya. Mishi, aliyesikia yote kutoka shambani kwake, alicheka, na wivu wa Twaiba ukawaka palepale.